Tereni ni ya nani? Historia ndogo ya miti na viwanja vya Likasi



Kila mwaka, mwezi wa kumi ukikaribia, jakaranda zinatoa maua mu Likasi, na mambo ni yale yale: bantu banapiga foto kwa avenyu, banaziweka mu simu, banaandika "muji wetu ni muzuri". Ni kweli, ni muzuri. Lakini mimi nilisoma agronomia, na kila nikiona zile foto ninajiuliza: mu hii foto kuko muti hata moja wenye sisi, kizazi chetu, tulipanda? Mara nyingi hakuna. Nyingi ya zile jakaranda zilipandwa wakati wa ukoloni, na hata si za kwetu, zilitoka Amerika ya Kusini. Tunajivunia bustani yenye bengine balitengeneza, kwa sababu zao. Zile sababu njo ninataka kuandika leo.

Nianze na tereni.

Mu kartie yetu kulikuwa tereni. Siyo stade, hapana. Udongo mwekundu, magoli ya mikalitusi, na kwa upande moja musuku mukubwa wenye ulibakia toka pori ya zamani. Mvua ikianza tulikuwa tunakulaka masuku pale: badogo banapanda, bakubwa banangojea chini. Mu 2019, nikiwa finalisti, niliamka asubui moja nikakuta kamba na vijiti, bantu banapima. Kisha siku tatu, matofali. Kisha wiki mbili, ukuta. Na musuku ulikatwa, juu ulikuwa unasumbua fondasio.

Tulienda kuuliza. Mwenye alikuwa anasimamia bamasoni alitutolea karatasi yenye kashe mbili, akasema na heshima: "Bandugu, mi nililipa makuta yangu. Muulize bale benye banajua." Tukauliza. Ofisi moja ikatutuma ku ingine, ile ingine ikaturudisha ku ya kwanza. Siku ya tatu, tukiwa tunangojea ku kivuli, mama moja wa kartie akauliza: "Lakini, hii tereni ilikuwaka ya nani?"

Hakuna mumoja wetu alijua. Tulicheza pale utoto wote, na hakuna alijua. Njo vile nilianza kusoma historia, mi mwenye nilizoea udongo na mbolea.

Mbele ya muji, hii ilikuwa inchi ya Basanga, pori ya miombo, na katikati ya pori vilima bila miti. Sababu tunaijua mu masomo yetu: shaba ikiwa mingi mu udongo, miti mingi haiwezi kuota. Kunabakia majani mafupi na maua madogo yenye yalizoea ile sumu, kama Haumaniastrum katangense, yenye inaitwa ua la shaba. Basanga balijua vile vilima mbele ya bazungu; wakati wa jua balichimba malakiti na kuiyeyusha mu tanuru. Na lile ua linapenda kuota hata pale tanuru zilikuwa, mpaka bantu ba arkeolojia banaweza kulifwata na kukuta mabaki ya kazi ya bankambo. Mu 1892 mwanajiolojia Mubelji Jules Cornet alipita mu vilima vya Katanga, mu 1906 Union Minière du Haut-Katanga ikazaliwa, na vile vilima vya maua njo vya kwanza kuchimbwa. Wakati Paul Duvigneaud alitoa maandishi yake juu ya mimea ya udongo wa shaba, mu 1958, sehemu ingine ya yale maua ilikuwa imekwisha kuenda na mawe. Ninasema hii mbele ya yote, juu tukisema "mazingira" tunafikiri jakaranda, na jakaranda ni mugeni. Mwenyeji ni lile ua dogo lenye tunakanyaga.

Basi muji ukakuja. Ukaitwa Jadotville, jina la Jean Jadot, mukubwa wa Société Générale ya Ubeljiji. Mu 1929 Shituru ikaanza kutoa shaba kwa umeme. Muji wa bazungu ukapata avenyu pana na miti. Bantu beusi balikaa mu site ao mu kampi ya sosiete. Mu Elisabethville, ni kusema Lubumbashi, Leta ya wakoloni iliacha ukanda mutupu katikati ya bazungu na site ya beusi. Uliitwa "zone neutre", na sababu yenye balitoa ni malaria: eti mbu akitoka ku beusi, haiwezi kuruka mbali vile. Fikirieni vizuri: mu miji yetu, kati ya nafasi za wazi za kwanza zenye Leta ilichora ku plani, kuko hii, na ilichorwa juu tusikaribiane. Ninafikiri njo sababu moja yenye, kisha uhuru, hakuna muntu alilia wakati zile nafasi zilijengwa manyumba. Nani atachunga ukanda wenye ulimtenga?

Tereni za kampi ni historia ingine. Kuelekea 1928 Union Minière iliona kama kuleta bafanyakazi kutoka mbali kila mara ni hasara. Ikaanza kukalisha mwanaume na bibi na batoto: nyumba za matofali, posho, dispansere, batoto banapimwa kilo, masomo ku bamisionere, na mupira siku ya yenga. Batata betu bakubwa banakumbuka ile kampi na huruma, banasema ilikuwa safi. Ilikuwa safi kweli. Lakini mutoto wa kampi alikuwa mufanyakazi wa kesho, na mwenye tereni alikuwa sosiete. Mu 12/1941 bafanyakazi ba Union Minière baligoma, Jadotville pia. Kule Elisabethville, tarehe 9, bagomaji balikusanyika mu uwanja wa mupira wa kampi kudai mushahara. Basoda balipiga risasi. Bantu bengi balikufa pale, mu tereni ya kuchezea, pamoja na Léonard Mpoyi mwenye alikuwa anasema kwa jina lao. Tangu nilisoma hii, sisemi tena "zamani bazungu balitupatia viwanja". Balituazima.

Sasa, mu ile kipindi, kuko kitu kingine chenye mu masomo hawakutufundisha. Kwa bantu beusi benye hawakukaa mu kampi, dekreti ya 23/11/1931 iliunda "centre extra-coutumier": site yenye shefu, baraza lake, na sanduku lake ya makuta. Baraza lenyewe liliwekwa na bakubwa ba ukoloni, halikuchaguliwa. Lakini wazo lilikuwa pale: bakaaji ba site bakae pamoja, bajadili soko, maji, usafi, njia. Kisha dekreti ya 26/03/1957 ikaleta komini ya kweli, na bamemba ba baraza benye banachaguliwa. Mu 12/1957 kura ilipigwa mu miji tatu tu ya Kongo muzima: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville.

Nilisoma ile mustari mara mbili. Miji tatu, na moja ni sisi! Mbele ya Bukavu, mbele ya Kisangani. Batata betu ba Likasi balikuwa kati ya Bakongomani ba kwanza kuchagua bantu ba kuangalia mambo ya komini yao. Ile kura haikukamilika: walipiga banaume tu, kuanzia miaka 25. Bamama, benye banajua kila siku batoto banachezea wapi, hawakuulizwa. Hata vile, ilikuwa mara ya kwanza kama tereni ya site inaweza kuwa na mwenyewe mwenye unaweza kwenda kumulaumu ku nyumba yake.

Haikudumu. Mu 07/1960 Katanga ikajitenga, vita ikafika hapa, na basoda ba ONU balipoingia Jadotville mu mwanzo wa 1963 bantu balikuwa na mengine ya kufikiri kuliko magoli. Mu 1966 muji ulirudia jina Likasi. Mwanzo wa 1967 mali ya Union Minière ikawa ya Leta, na ile sosiete mupya njo ikakuja kuitwa Gécamines.

Hapa batata betu balianza kusema: Gécamines njo baba, njo mama. Na kweli, ukimuuliza muzee wa kampi nani alikuwa anakata majani ya uwanja, atakuambia Gécamines. Nani alipaka magoli rangi? Gécamines. Nani alibadilisha balbu? Gécamines. Komini, yenye sasa iliitwa zone, ilikuwa na komisere, na wakati wa MPR kulikuwa hata baraza za zone, lakini za chama kimoja. Kulikuwa pia salongo, kazi ya lazima ya kufagia na kulima njia. Muzee moja wa kwetu anasema salongo ilimufundisha kitu kimoja: kujificha mapema. Ninacheka, lakini ile kitu ilituachia deni. Mpaka leo ukiita vijana bakuje kusafisha, wa kwanza atauliza kama ni salongo. Kazi ya pamoja tuliijua kama azabu.

Mukusanye sasa: viwanja vya sosiete, usafi wa lazima, baraza bila nguvu. Baba akianguka?

Alianguka. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu 1990 mugodi wa Kamoto ukabomoka, mu 1991 kukawa uporaji mu miji mingi, na mu 1993 ilitoa tani chini ya 50,000. Katikati ya ile miaka, mu 1992 na 1993, bandugu zetu ba Kasai balifukuzwa. Siwezi kuandika juu ya nafasi za wazi za Likasi bila kutaja stesheni. Familia na familia zililala pale na mu masomo, bakingojea treni, na bengine balikufia pale pale, batoto kwanza. Bale batoto balizaliwa hapa. Balicheza ku tereni moja na bakubwa betu. Hii haiko ku foto za jakaranda.

Mwisho, kati ya 2003 na 2004, bafanyakazi 10,655 ba Gécamines balitoka kwa mpango wenye uliitwa "départs volontaires", na makuta yenye Banki ya Dunia ilisaidia kulipa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa amekwisha kuandika, mu 2001, kitabu chenye jina lake linasema yote: batoto ba Shaba benye baba yao alibaacha. Kisha pale hakuna alikuja kukata majani. Kiwanja bila mwenye kukata majani, kisha mvua mbili tatu, kinaonekana kama pori, na pori mu muji inaonekana kama parseli.

Sheria lakini haikulala. Sheria ya ardhi ya 20/07/1973 inasema udongo ni wa Leta, na ardhi yenye iliwekwa kwa matumizi ya bote haiuzishwi wala kupewa muntu, mpaka kwanza iondolewe ku ile kazi kwa njia halali. Ile hatua ya kuiondoa inaitwa "désaffectation". Kashe mbili hazitoshi. Bandugu, mukikumbuka neno moja tu mu hii maandishi, mukumbuke lile. Ukifika ku ofisi na kusema "baliiba tereni yetu", batakuambia ukae. Ukiuliza "désaffectation iko wapi, tarehe gani, nani alitia sahihi", muntu anafungua kabati.

Sisi tulijifunza vile polepole, na si mimi mwenye akili. Walikuwa bamama ba shirika. Benye si Bakatoliki bajue kama shirika, kwetu, ni jumuiya ndogo ya parokia mu kartie, jirani na jirani. Banakutana kila wiki, na bana kitu chenye komini haina: liste ya kila nyumba. Bakaita pia Bametodisti na bengine, juu mutoto akipiga mupira haulizwi anasali wapi. Jirani moja, pensione wa kazi ya upimaji, akakumbuka plani ya zamani ya kartie. Tukachangisha makuta ya kopi. Ku plani, pale penye sisi tulisema "tereni", palikuwa penye kuandikwa nafasi ya bote. Karatasi ya désaffectation hatukuona, na hakuna ofisi ilituonyesha.

Musifikiri tulishinda. Ukuta ulibakia. Yule mwenye kujenga ana batoto pia, na hakuna alitaka kubomolea muntu nyumba. Tulichopata ni nusu: kazi ikasimama pale ilifikia, na ile sehemu ingine ikawekewa mipaka ya mawe mbele ya shefu wa kartie. Leo batoto banacheza mupira ku tereni fupi, goli moja liko karibu na ukuta wa muntu. Mupira ukiruka, kuko kombolela ya kuurudisha. Barua yetu ya kuomba mipaka iandikwe rasmi haijapata jibu.

Na tungeandikia nani mwingine? Sheria ya 07/10/2008 juu ya miji, komini na sefari inasema komini iwe na baraza lenye bakaaji banachagua, lenye linajadili soko, usafi, njia ndogo, na lile baraza njo linachagua bugumestri. Tuliingoja. Tarehe 20/12/2023 kura za baraza za komini zikafika, lakini CENI ilizipanga mu miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi balipiga. Likasi si muji mukuu wa jimbo. Sisi tulipiga za raisi na badepite. Kutoka 1957 mpaka 2023 ni miaka 66. Mara ya kwanza tulikuwa kati ya miji tatu ya mbele. Hii mara tulibaki nje. Bamemba ba chama bamoja banasema baraza la komini litakuwa tu mahali pengine pa kula makuta. Inawezekana. Lakini mwenye anakula makuta yetu na anakaa mu kartie yetu, na kisha miaka tano anarudi kuomba kura, yule ninajua namna ya kumusumbua. Kashe mbili, sijui.

Niseme pia kosa langu, juu agronome anapenda kuonyesha tu yenye iliota.

Kisha mipaka kuwekwa, niliwaambia bamama tutapanda miti pembeni. Nilileta miche 40, nikiwa na kiburi cha lisansi. Tulipanda mwezi wa tatu, mvua ikiwa karibu kuisha. Kosa la kwanza. Kwetu kuko miezi karibu sita bila mvua. Muche lazima upandwe mvua ikianza kushika, uwe na wakati wa kushusha mizizi. Udongo wa tereni ulikuwa mugumu kama sima, batoto baliukanyaga miaka mingi, na mimi nilichimba mashimo madogo. Kosa la pili. La tatu ni mbuzi, na hapo sina la kusema. Mu mwezi wa kumi nilihesabu: 6.

Wakati mimi nilikuwa ninahesabu, mama moja, yule yule mwenye aliuliza tereni ilikuwa ya nani, alikuwa amefunga miiba kuzunguka kisiki cha musuku. Kisiki kilikuwa upande wetu wa mawe, kwa mita moja hivi. Kilikuwa kimetoa machipukizi saba. Nilisoma hii ku auditoire, nilijibu ku egzamen, na sikuiona mbele ya macho yangu: miti mingi ya miombo haikufi ikikatwa. Mizizi iko, kisiki kinatoa tena, na ile miti yenye mizizi mikubwa inaenda mbio kuliko muche wowote wenye nilileta mu plastiki. Inaomba vitu viwili tu, moto usipite na jembe lisipite, kwa miaka michache. Kama pori yenye tunakata kwa makala ingeachwa ipumue vile, sehemu kubwa ingejirudisha yenyewe, na bowa pia, juu uyoga mwingi wenye tunakula unaishi ku mizizi ya ile miti.

Tulichagua machipukizi mawili yenye nguvu, tukakata yale matano. Kila posho ya kwanza ya mwezi, kisha kufagia tereni, bamama banaongeza miiba. Kopi ya plani iko mu sahani la plastiki, ndani ya sanduku ya shirika, pamoja na liste ya manyumba na kopi ya barua. Tunaandika ile barua tena kila mwaka, tunabadilisha tarehe tu.

Mwezi uliopita lile chipukizi refu lilipita kichwa changu. Mutoto wa jirani aliniuliza kama mwaka huu tutakula masuku. Nilimwambia hapana, bado. Akaangalia muti, akaniangalia mimi, akarudi ku goli.